Kulea Walezi: Kazi ya Mwelimishaji wa Wazazi Wilayani Rungwe

Barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela hupita Tukuyu katikati ya mashamba ya migomba, chai na parachichi yanayofunika miteremko ya Mlima Rungwe. Mvua hapa ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, udongo wa volkano una rutuba, na ng'ombe wa maziwa hufungwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Mgeni akiitazama neema hiyo huweza kudhani kwamba mtoto azaliwaye katika nchi kama hii hana la kupungukiwa.

Takwimu za Nyanda za Juu Kusini zinaonyesha picha nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulibaini kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa ile ile inayolisha nchi: Iringa kwa asilimia 56.9, Njombe kwa asilimia 50.4 na Rukwa kwa asilimia 49.8. Chakula kimo ghalani, na mtoto hakui. Yapo mambo kati ya ghala na mtoto ambayo shamba peke yake haliwezi kuyaleta: muda wa mama, uamuzi wa baba, maarifa ya bibi, amani ya nyumba, na namna mtoto anavyosemeshwa, anavyolishwa na anavyoonywa. Humo ndimo inamoanzia kazi ya mwelimishaji wa wazazi.

Kazi isiyo na jina moja

Katika ngazi ya halmashauri mwelimishaji huyu huweza kuwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii. Katani na kijijini huweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa darasa la awali, au mzazi mwenzao aliyepewa mafunzo ya kuongoza kikundi cha malezi. Baadhi yao wamepita vyuo kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973, au Chuo cha Maendeleo ya Jamii cha Uyole kilichopo Mbeya. Wengine wana mafunzo ya siku chache, daftari, na heshima waliyojijengea kwa majirani.

Sera za nchi zimeipa kazi hii msukumo. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu tumboni hadi umri wa miaka 8. Januari 2022 iliundwa wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima. Kwa wilaya kama Rungwe, yenye halmashauri mbili za Rungwe na Busokelo, mipango hiyo haina maana mpaka itokee mtu mmoja wa kupanda kilima na kubisha hodi.

Anayebisha hodi hujifunza mapema kwamba hakuna mzazi anayependa kuambiwa hajui kulea. Mwalimu wa hesabu huingia darasani akijua kwamba wanafunzi wake hawajui somo. Mwelimishaji wa wazazi huketi mbele ya watu ambao tayari wamelea watoto 4 au 5, huenda wengi kuliko aliowalea yeye. Akianza kwa kuhutubia, kikao huisha kabla hakijaanza. Kwa hiyo wale wenye uzoefu huanza kwa kuuliza: mtoto amelalaje, amekula nini jana, amecheza na nani? Sifa hutangulia ushauri. Mama anayemfuta mtoto machozi huku akimsemesha huambiwa mbele ya wenzake kwamba hilo alilolifanya ni tiba, kisha mazungumzo husonga mbele kutoka hapo.

Kabla ya kikundi cha malezi

Ardhi hii haikuwa bila shule ya malezi. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu juu ya vijiji vya marika. Aliandika kwamba wavulana walipokaribia umri wa miaka 10 au 11 waliacha kulala nyumbani kwa baba, wakajijengea vibanda pamoja na wenzao wa rika moja, na kwa miaka mingi waliendelea kwenda kula kwa mama zao, kundi zima likizunguka kutoka nyumba hii hadi nyingine. Mama aliyepika alijua kwamba anawalisha watoto wa wenzake, na kwamba kesho wake atalishwa na wenzake. Fadhila kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala: kukaa pamoja kwa furaha, kwa adabu na kwa mazungumzo ambamo watu hujifunza kuishi na watu.

Utaratibu huo ulilegea kwa sababu zinazoeleweka. Vijana walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Shule zilipanga siku ya mtoto upya. Mazao ya biashara yaliifanya ardhi iwe adimu, na kijiji kipya cha rika hakikuwa na mahali pa kujengwa. Wala si kila kilichokuwamo katika malezi ya zamani kinafaa kurudishwa. Lakini kilipoondoka, kazi iliyokuwa ya wengi ilibaki mikononi mwa wachache, na mara nyingi mikononi mwa mama mmoja. Wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kikundi cha malezi kinachokutana chini ya mti au katika ofisi ya kijiji kinajaribu kuirudisha mikono mingine.

Nguzo tano, jiko moja

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaoyagawa malezi ya miaka ya mwanzo katika nguzo 5: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Katika karatasi nguzo hizo zimepangwa moja moja. Jikoni hutokea zote kwa pamoja.

Chukua mfano wa kumlisha mtoto wa miezi 8. Ndizi ni chakula kikuu cha Rungwe, nacho hushibisha. Hata hivyo ndizi ina protini kidogo na madini ya chuma kidogo, na tumbo la mtoto ni dogo, hivyo hujaa kabla mwili haujapata unachohitaji. Mwelimishaji hamwambii mama aache ndizi. Humwonyesha namna ya kuziponda pamoja na maharage yaliyoiva sana, parachichi, yai, au maziwa yaliyochemshwa, na kumpa mtoto mara 2 au 3 kwa siku huku akiendelea kunyonya, kisha mara 3 au 4 afikapo miezi 9. Hiyo ni lishe. Humshauri ampakulie mtoto katika bakuli lake mwenyewe ili ijulikane amekula kiasi gani, amtazame usoni, amsubiri ameze, amtajie jina la chakula. Hayo ni mwitikio na ujifunzaji. Maji ya kunawa mikono ni afya, na kumweka mtoto mbali na moto wa mafiga ni ulinzi.

Ugumu mara nyingi hauko katika maarifa. Katika kaya nyingi maziwa ya asubuhi huuzwa, kwa kuwa ndiyo fedha ya daftari, ya sabuni na ya mchango wa shule. Mama huenda shambani au kuchuma chai alfajiri, na mtoto hubaki na dada yake wa miaka 7. Somo la lishe lisilogusa nani anaamua juu ya maziwa na nani anabaki na mtoto huishia hewani. Ndiyo sababu kikao kizuri huishia katika hesabu: kikombe kimoja kibaki nyumbani kila siku, na majirani watatu wapokezane zamu ya kuangalia watoto.

Sababu ya kuyatilia mkazo mambo madogo kama hayo ni ya kitabibu. Ubongo wa mtoto anapozaliwa una takriban robo ya uzito utakaokuwa nao utu uzimani, na huongezeka kwa kasi kubwa katika miaka 2 ya kwanza. Miunganisho ya chembe zake hujengwa na kuimarishwa kwa matumizi. Mtoto akitoa sauti na mtu mzima akaijibu, akinyoosha kidole na mtu akatazama kule anakoonyesha, njia hizo hupata nguvu. Asiyejibiwa kwa muda mrefu huacha kuuliza. Kopo tupu lenye kokoto, gunzi la mahindi, mpira wa kamba za mgomba na dakika chache za mazungumzo ni vifaa vya kutosha kuianza kazi hiyo.

Tena ni vigumu mama kuitikia ikiwa mwenyewe anazama. Sonona baada ya kujifungua hujificha nyuma ya maneno kama uchovu, uvivu au kiburi. Mwelimishaji aliyefunzwa hutambua mama asiyelala hata mtoto akilala, asiyekula, asiyemtazama mwanawe. Hampi somo la kucheza na mtoto. Humsindikiza zahanati, kituo cha afya, au Hospitali ya Wilaya ya Makandana mjini Tukuyu, na kuwaeleza ndugu zake kwamba huo ni ugonjwa na unatibika.

Mchelea mwana kulia

Hakuna somo linaloibua mabishano kama fimbo. Wazazi huja na methali mkononi: samaki mkunje angali mbichi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wanazitaja kwa nia njema, kwa kuwa wameona vijana waliopotea na wanaogopa. Mwelimishaji akijibu kwa dharau, amewapoteza.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikia miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipata ukatili wa kingono. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa vichocheo vya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa 2017/18 hadi 2021/22, ulioweka kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji.

Sheria nayo haimpi mwelimishaji jibu rahisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na hata nafasi ya kucheza na kupumzika. Inakataza mateso na adhabu za kikatili. Lakini haikufuta kila namna ya kumrudi mtoto. Iliweka mpaka wa kilicho cha kiasi kwa kuzingatia umri na hali yake. Asiyeweza kusema kwa ukweli kwamba sheria imekataza kila kiboko hana budi kushawishi, na hilo ni gumu kuliko kuamuru.

Ushawishi unaofaulu huanza kwa kuitafakari methali yenyewe. Samaki mbichi hukunjwa taratibu. Akikunjwa kwa ghadhabu huvunjika. Kisha wazazi huombwa wakumbuke adhabu moja waliyopewa utotoni na waseme walijifunza nini. Wengi hukumbuka maumivu na uso wa aliyepiga, na ni wachache wanaokumbuka kosa. Hapo ndipo njia nyingine hupata masikio: kanuni chache zilizokubaliwa na familia, onyo linalotolewa mara moja na kutekelezwa, kumnyima mtoto jambo alipendalo kwa muda mfupi, kumpa nafasi ya kurekebisha alichoharibu, na mzazi kutoka nje apumue kabla ya kusema neno.

Je, mafunzo haya huzaa matunda? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia familia 552 katika maeneo 40 ya jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, ambako wazazi na vijana wao walihudhuria mfululizo wa vikao 14. Miezi kadhaa baadaye wazazi waliopata mafunzo waliripoti kupungua kwa vipigo na unyanyasaji, msongo wa malezi na matumizi ya ulevi, na pande zote mbili ziliona wazazi wakijihusisha zaidi na watoto wao. Vijana wenyewe, hata hivyo, hawakuripoti tofauti ya wazi katika vipigo. Mpango huo baadaye ulirekebishwa kwa ajili ya Tanzania na kupewa jina la Furaha. Matokeo hayo yanatia moyo, na pia yanatoa onyo: kauli ya mzazi peke yake haitoshi. Mtoto naye aulizwe.

Baba na bibi

Mikutano ya malezi hujaa akina mama, ilhali maamuzi mengi hufanywa na wasiokuwapo. Kuwapata akina baba hutaka mbinu: kupanga kikao baada ya kazi za shamba, kukifungamanisha na chama cha ushirika au mafunzo ya kilimo, na kumtumia baba mwenzao kuwa kiongozi. Inawezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu elimu ya malezi iliyounganishwa na kilimo cha biashara katika vijiji vya Tanzania ulikuwa na washiriki ambao wengi wao walikuwa wanaume. Mwanamume aliyekuja kwa ajili ya mbegu aliweza kubaki kwa ajili ya mtoto.

Bibi ni mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja. Mkoa wa Mbeya umeumizwa na UKIMWI kwa muda mrefu, na wapo watoto wengi waliolelewa na wazee baada ya wazazi kufariki au kwenda mijini. Kwake mwelimishaji hafundishi kabla ya kuamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na madaftari yako?"

"Nimekuja, bibi. Leo naomba unifundishe ulivyomtuliza huyu mjukuu alipokataa kwenda shule."

Katika mazungumzo ya namna hiyo bibi hutoa hekima yake, na mwelimishaji hupata nafasi ya kuongeza alilokuja nalo: kwamba mjukuu anayekojoa kitandani akiwa na miaka 9 huenda ana huzuni wala si jeuri, na kwamba kaya yao inastahili kupelekwa mbele ya mkutano wa kijiji kwa ajili ya Mpango wa Kunusuru Kaya wa TASAF.

Kati ya imani na wajibu

Mtihani mkubwa zaidi hutokea kikao kikiwa kimekwisha na watu wakiwa wanaaga. Mama mmoja hubaki nyuma, husogea, na husema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Binti yake wa kambo ana alama mgongoni. Au mgeni aliyekaribishwa nyumbani humwita mtoto chumbani. Kisha huongeza: "Lakini nakuomba, mwanangu, lisitoke hapa."

Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wajibu huo hauna msamaha kwa sababu ya siri. Lakini mwelimishaji anajua pia kwamba kijiji kikimwona kuwa mpelelezi, milango itafungwa, na mtoto mwingine atakosa mtu wa kumsemea. Wenye busara huikata fitina hiyo mwanzoni. Siku ya kwanza kabisa ya kikundi huwaambia wote kwamba yasemwayo hapa hayatoki hapa, isipokuwa jambo moja: mtoto akiwa hatarini, litakwenda kwa anayeweza kumwokoa. Aliyesikia hayo na bado akabaki nyuma kusema, mara nyingi anaomba msaada kwa lugha pekee anayoiweza.

Baada ya hapo hatua hufuatana: afisa ustawi wa jamii hujulishwa, mtoto hupelekwa hospitali bila kuchelewa, dawati la jinsia na watoto la polisi huhusishwa, na pale nyumbani pasipokuwa salama hutafutwa ndugu au mlezi wa kuaminika. Aliyedhuriwa kingono anapaswa kufika hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai kuanzwa baada ya muda huo. Ni katika saa hizo ambapo kusitasita kwa mtu mmoja huweza kuwa na gharama ya maisha yote. Yeyote mwenye shaka, mtoto au mtu mzima, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.

Naye mwelimishaji hubeba aliyoyasikia hadi nyumbani kwake. Ana watoto wake, ana shamba lake, na kwa wengi posho ni ndogo au haipo. Anayesikiliza maumivu ya watu kila wiki anahitaji msimamizi wa kumsikiliza na wenzake wa kushauriana nao. Halmashauri inayopanga nauli na vitabu vya mafunzo bila kupanga usimamizi huo huwapoteza watu wake bora, si kwa uzembe wao, bali kwa uchovu.

Matunda ya kazi hii hayaonekani upesi kama ya chanjo. Hakuna siku ambayo kipigo kisichotokea huandikwa katika rejista. Lakini kadi ya kliniki huonyesha uzito unaopanda, mahudhurio ya darasa la awali huongezeka, na baba aliyekuwa akijibiwa kwa kimya huanza kusimuliwa habari za shule. Mambo hayo yanaweza kuhesabiwa, na yafaa yahesabiwe pamoja na idadi ya vikao, kwa kuwa kikao ni njia tu. Kipimo cha mwisho ni mtoto mwenyewe: anapomwona mzazi wake akirudi kutoka shambani jioni, je, humkimbilia, au humkimbia?